Windows 10 au Windows 11: Tusichague kwa Macho

Wanachama wenzangu,

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 neno moja limekuwa likizungushwa sana katika ofisi na mabaraza yetu, nalo ni hili: kompyuta zetu zibaki na Windows 10 au zihamie Windows 11? Wapo wasemao, usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine inawaka, inaandika, inapiga chapa, basi ya nini kuisumbua? Na wapo wanaotaka za zamani zote ziondolewe kwa bei ya chuma chakavu, zinunuliwe mpya mara moja. Mimi siafikiani na hawa wala na wale, na kwa idhini ya Bwana Mhariri naomba nafasi nieleze sababu zangu.

Jambo hili si la vijana peke yao. Ndani ya mashine hizo mna daftari la wanachama, mna uzani wa karafuu za kila mtu, mna mikopo iliyotolewa na malipo yaliyosalia. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa kabatini na ufunguo uko kwa karani. Siku hizi liko ndani ya kompyuta, na ufunguo wake ndio tunaouzungumza.

Kwa wale wasioshughulika na mashine hizi, mfumo wa uendeshaji ni ile programu kubwa inayotangulia programu nyingine zote. Kompyuta ikiwashwa ndiyo inayoamka kwanza. Ndiyo inayopokea herufi unazopiga, ikazionyesha kwenye kioo, ikaziweka akiba, na ikaiamuru printa kupiga chapa. Tuseme ni msimamizi wa shamba. Yeye hachumi, lakini pasipo yeye mchumaji hajui aanzie mkarafuu upi, wala karafuu hazina wa kuziambia jamvi la kuanikwa. Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani ni msimamizi wa namna hiyo, naye ndiye aliye katika kompyuta nyingi za ofisini.

Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015. Windows 11 ikafuata tarehe 5 Oktoba 2021. Kwa miaka minne zote mbili zilitunzwa pamoja, na aliyebaki na ya zamani hakuwa na hasara yo yote. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya bure kwa Windows 10 ya kawaida. Wengi walidhani siku ile kompyuta zao zitazima. Hazikuzima. Asubuhi yake ziliwaka kama jana, na hapo ndipo maneno ya "mbona hapana lo lote?" yalipoanza.

Lakini tuulize: marekebisho hayo ni nini hasa? Programu kubwa kama hii ina mamilioni ya mistari ya maagizo, na hapana binadamu awezaye kuiandika bila kuacha matundu. Kila mwezi matundu mapya hugunduliwa, na kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuyaziba. Viraka vikitolewa kwa Windows 11, watu wabaya nao huvichungua ili wajue tundu lilikuwa wapi. Kisha huenda kulitafuta tundu hilo hilo katika Windows 10, maana mifumo hii miwili imejengwa kwa sehemu kubwa na mbao zile zile. Kwa mwenye Windows 11 tundu limekwisha kuzibwa. Kwa mwenye Windows 10 asiyepata viraka, liko wazi, na sasa limetangazwa.

Sisi wenye mashamba twalijua jambo hili kuliko wengi. Shamba lisipopaliliwa halifi siku ya kwanza. Mikarafuu husimama, majani hubaki mabichi, na mpita njia husema shamba ni zima. Magugu huja kidogo kidogo, na mwenye shamba huja kushtuka msimu ukishafika. Mkarafuu mkongwe unaotunzwa hulisha watoto na wajukuu, na mche mpya uliotupwa mwituni hufa. Kwa hiyo swali si lipi la zamani na lipi jipya. Swali ni: nani anapalilia, na mpaka lini?

Nitatoa ushahidi wa mambo yaliyopita. Windows XP ilitolewa mwaka 2001, na watu waliipenda mno. Mwaka 2007 ilipokuja Windows Vista, wengi waliikataa, na kwa haki, maana ilikuwa nzito kwa mashine za wakati ule. Waliobaki na XP mwaka 2007 hawakuwa wajinga. Mfumo wao ulikuwa ukitunzwa bado, na uliendelea kutunzwa mpaka tarehe 8 Aprili 2014. Basi mtu yule yule, na mashine ile ile, mwaka 2007 alikuwa na hekima na mwaka 2015 alikuwa hatarini. Kilichobadilika si uzee wa XP, bali ni kuondoka kwa mpaliliaji.

Ushahidi wa pili ni wa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo ilienea programu mbaya iliyoitwa WannaCry. Iliingia katika kompyuta kupitia mitandao, ikafunga mafaili kwa kufuli la siri, kisha ikaandika kwenye kioo kwamba mwenye mali alipe dola 300 kwa fedha za Bitcoin, na akichelewa zitakuwa 600. Kwa siku chache ilifika nchi zipatazo 150 na kompyuta zaidi ya 200,000. Huko Uingereza hospitali zilizuiwa kufungua habari za wagonjwa wao, na maelfu ya miadi ya matibabu yakaahirishwa.

Sasa lisikilizeni hili kwa makini. Kompyuta nyingi zaidi zilizopigwa na WannaCry zilikuwa na Windows 7, na Windows 7 wakati ule ilikuwa ikitunzwa bado. Utunzaji wake haukukoma mpaka tarehe 14 Januari 2020. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya balaa. Waliokitia walinusurika. Waliosema "nitatia kesho" walipigwa. Kwa hiyo hata huyo anayejivunia Windows 11 yake asijivune sana, kama kila siku anabonyeza kitufe cha kuahirisha marekebisho kwa sababu yanamchelewesha. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kipya kisichotunzwa ni kidonda kweli.

Baada ya kusema hayo, yanipasa kuwatendea haki ndugu zetu wanaotaka kubaki na Windows 10, maana wana hoja. Ya kwanza ni kwamba Microsoft imeweka masharti magumu kwa Windows 11. Kompyuta iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, iwe na kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache na nafasi ya akiba ya GB 64, na prosesa yake iwe katika orodha iliyokubaliwa, ambayo kwa Intel huanza aghalabu na kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Matokeo yake ni kwamba mashine nzima, yenye nguvu, iliyonunuliwa kwa fedha nyingi mwaka 2016, hukataliwa mlangoni ilhali hapana kazi ya ofisi inayoishinda. Hilo ni kosa kwa wanunuzi, na sioni aibu kulisema. Kampuni tajiri haina uchungu na kompyuta ya mkulima aliyeinunua kwa pesa za karafuu.

Hoja ya pili ni kwamba zipo programu za hesabu na vyombo vya kupigia chapa stakabadhi vya zamani, ambavyo havikubali kusema na mfumo mpya. Hoja ya tatu ni kwamba Windows 11 imehamisha vitu kutoka mahali vilipozoeleka, na kwamba wakati wa kuitia hutaka mtu awe na intaneti na akaunti ya Microsoft, mambo ambayo si rahisi kila mahali kisiwani. Hoja zote hizi ni za kweli. Lakini ziangalieni vizuri: zote zinasema kwamba kuhama kuna taabu. Hapana hata moja inayosema kwamba kubaki bila kutunzwa kuna salama. Taabu na hatari si kitu kimoja.

Basi tufanye nini? Kwa maoni yangu kila kompyuta ipimwe peke yake, kama vile hatukati mikarafuu yote ya shamba kwa sababu ya mmoja. Njia ni nne.

Njia ya kwanza ni kwa kompyuta inayotimiza masharti. Hiyo ihamie Windows 11, na isingoje. Kuhama ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Kupima ni rahisi: Microsoft hutoa programu ndogo ya bure iitwayo PC Health Check, nayo itakujibu ndiyo au la. Au bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, na utaona kama chipu ya usalama ipo na ni ya toleo gani. Mara nyingine chipu ipo lakini imezimwa, na fundi aweza kuiwasha kwa dakika chache. Na mwenye hofu ya ugeni ajue kwamba kwa siku 10 za mwanzo baada ya kuhama anayo ruhusa ya kurudi alikotoka. Kadhalika nashauri kumbukumbu iwe GB 8, maana kwa GB 4 mashine huingia lakini hukokota.

Njia ya pili ni kununua muda. Microsoft iliweka nyongeza ya viraka kwa Windows 10. Kwa mtu binafsi nyumbani kwake, nyongeza hiyo ilipangwa mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayeingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe huko. Kwa ofisi na makampuni bei ni nyingine kabisa: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 122 wa pili, na dola 244 wa tatu, ambao mwisho wake ni Oktoba 2028. Na anayechelewa akaingia mwaka wa pili hulipa na ule wa kwanza. Jumlisheni wenyewe: miaka mitatu ni dola 427 kwa kompyuta moja. Kwa fedha hizo mtu hupata kompyuta nyingine iliyotumika yenye kukubali Windows 11, na chenji ikabaki. Kwa hiyo njia hii ni daraja la kuvukia tu. Afaaye kuitumia ni yule mwenye programu ya lazima inayongoja kutengenezwa upya, tena kwa mashine moja au mbili.

Njia ya tatu ni kwa kompyuta nzima iliyokataliwa na Windows 11. Mashine hiyo isitupwe. Upo mfumo mwingine uitwao Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, nao hugawanywa bure kwa majina mbalimbali. Mmoja wapo ni Linux Mint, ambao huridhika na kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na sura yake haimtishi aliyezoea Windows. Toleo lake la 22, lililotoka mwaka 2024, limeahidiwa viraka mpaka mwaka 2029. Tena mtu aweza kuuonja kwanza: huwekwa katika flashi, kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo, akautazama bila kugusa kilichomo ndani ya diski. Kwa kuandika barua na kufanya hesabu ipo programu ya LibreOffice, ambayo hufungua mafaili ya Word na Excel, japokuwa mara nyingine mpangilio hupinda kidogo. Wala si jambo la kigeni kabisa kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Na LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice hiyo hiyo. Ila tusidanganyane: programu iliyotengenezwa kwa Windows tu haitafanya kazi humo kwa urahisi, na printa nyingine hugoma. Kwa hiyo hufaa zaidi kwa kompyuta ya barua, ya kusomea watoto wa skuli, na ya kutazama habari za intaneti.

Njia ya nne ni kwa ile mashine ya zamani yenye programu isiyohamishika. Hiyo ikatwe intaneti moja kwa moja, ifanye kazi yake moja peke yake, na flashi zinazoingia humo zikaguliwe kwanza katika kompyuta nyingine iliyo salama. Asiwepo mtu wa kufungua barua pepe humo "mara moja tu". Mara moja tu ndiyo iliyowaponza wengi.

Yapo mambo mawili ya kutahadhari. La kwanza ni biashara ya kompyuta zilizotumika. Ofisi za Ulaya na Marekani zinapoziacha mashine zisizokubali Windows 11, si zote zinazovunjwa. Nyingine husafirishwa kuja kuuzwa katika nchi kama zetu. Bei yake huwa ya kuvutia na kioo chake husuguliwa kikang'aa. Kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji prosesa ni ya kizazi gani na TPM ni ya toleo gani, na umtake akuonyeshe kwenye kioo, si kwa mdomo. Akisema "hii ina Windows 11 tayari", hilo peke yake si jibu. Zipo mbinu za kuuingiza mfumo huo kwa kuruka masharti, na Microsoft haiahidi kuitunza mashine iliyoingia hivyo. Mtu hanunui gunia la karafuu kwa kutazama zilizo juu tu. Hutia mkono mpaka chini, akaona kama mna makonyo.

La pili ni nakala za wizi. Wapo wanaotia Windows kwa ufunguo wa kughushi kwa sababu ni rahisi. Nawasihi wasifanye hivyo katika mashine yenye daftari la watu. Mbali na kwamba ni haramu kutumia mali ya mtu bila ridhaa yake, vile vifaa vya kuvunjia kufuli aghalabu huja na mwizi ndani yake. Asiyeweza kulipia Windows amekwisha kuonyeshwa Linux, nayo ni halali na ni bure.

Na kabla ya njia yo yote kati ya hizo nne, pana kazi ya lazima, nayo ni kunakili. Kila faili la uzani, la mikopo na la majina linakiliwe mara mbili, nakala moja ikae ofisini na nyingine ikae mahali pengine kabisa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba kwa kiasi kikubwa ikasalimika. Lau karafuu zote zingekuwa kisiwa kimoja, zingalikwenda pamoja. Daftari nalo lisikae kisiwa kimoja. Kisha nakala ifunguliwe na kusomwa, ijulikane ni nzima, maana nakala isiyofunguka ni karatasi tupu iliyofungwa vizuri. Wala kazi hii ya kuhama isifanywe wakati uchumaji umepamba moto na wachumaji wanangoja malipo yao ya pishi. Ifanywe baina ya misimu, mashine moja baada ya nyingine, na ile ya kwanza itumiwe majuma mawili kabla ya kuigusa ya pili.

Kwa hayo napendekeza mambo matatu yafikishwe mbele ya mkutano wa wanachama. Moja, kila tawi liandike orodha ya kompyuta zake, umri wake, na njia ipi kati ya nne inayoifaa kila moja. Mbili, fedha zitengwe kwanza kwa nakala na kwa zile mashine zinazobeba daftari, ndipo zifuate za barua na mazungumzo. Tatu, katika kila tawi ateuliwe mtu mmoja, awe mwanamke au mwanamume, wa kuhakikisha kila mwezi kwamba viraka vimetiwa, na aandike tarehe na sahihi yake kama tunavyoandika uzani wa mizani.

Ikiwa tutafanya hivyo, hatutakuwa na haja ya kugombana juu ya mbacha na msala. Mbacha uliofagiliwa ni bora kuliko msala wenye siafu, na mbacha ulioachwa na mwenyewe haufai kulalia mtoto. Mkulima aliyeleta karafuu zake, akazipima, akapokea stakabadhi, amemwamini mtu. Hajui Windows 10 wala 11, wala si lazima ajue. Analolijua ni kwamba kilo zake zimeandikwa. Sisi tunaojua ndio tutakaoulizwa siku zitakapokosekana.

Ni mimi,
Mwanachama mwenzenu